JIRANI ASIYE NA KADI



Mara nyingi hapa tunazungumza juu ya kofia, viatu, vumbi la mawe na mgongo wa mtu anayebeba mzigo vibaya. Leo ninawaomba tutoke shimoni, tushike barabara ya Sake hadi Keshero, pale ambapo wengi wetu tumeacha familia zetu. Tutazungumza juu ya jirani asiye na kadi, na juu ya pesa za mbali ambazo watu husema zitamsaidia.

Sikia jambo lililotokea nyuma ya ukuta wa nyumba yangu. Wanawake wawili walijifungua katika juma moja. Wa kwanza ni mke wa mfanyakazi mwenzetu. Alionyesha kadi ya matunzo ya kampani, akapokelewa, akapasuliwa, na baada ya siku tano akarudi nyumbani na mtoto wake. Wa pili ni mke wa kijana mwenye chukudu, anayebeba makala na viazi kila siku. Yeye pia alipasuliwa, yeye pia alipona. Lakini siku ya kutoka ilipofika hakutoka. Deni halijalipwa. Akabaki maternite, analala juu ya mkeka na mtoto wake, siku 12 zaidi.

Sitaji nyumba hiyo ya kujifungulia, kwa sababu jambo hili halikuanzia pale na haliishii pale. Muuguzi aliyemzuia naye hula kwa malipo ya wagonjwa. Mgonjwa asipolipa, muuguzi anarudi nyumbani mikono mitupu. Kila mmoja ana sababu yake, na katikati ya sababu zote yuko mama na mtoto mchanga juu ya mkeka.

Nani alimtoa? Siyo kampani, wala mimi. Walimtoa wanawake 25 wa likirimba ya mtaa, ambao kila Jumapili baada ya ibada huweka franka 1,000 kila mmoja katika kisanduku chenye kufuli. Walifungua kisanduku, wakalipa nusu, wakaweka sahihi kwa nusu iliyobaki. Siku ile niliona haya kidogo, mimi ninayevaa koti jeupe.

USAWA WA AFYA MAANA YAKE NINI?

Wengine wanadhani usawa ni kumpa kila mtu kitu kilekile. Wewe mtu wa shimo unajua kwamba sivyo. Bwana wa ghala akigawa viatu vya namba 42 kwa kila mtu, amegawa sawasawa, lakini mwenye mguu wa 39 ataanguka ngazini, na mwenye 45 atabaki peku. Kazi ya viatu ni kulinda mguu. Kwa hiyo kila mguu upate kiatu chake.

Afya ni vivyo hivyo. Usawa wa afya ni kwamba mtu asife wala asizuiwe kwa sababu tu ya mfuko wake, kabila lake, mtaa wake, au kwa kuwa ni mwanamke. Anayeishi mbali apate njia. Asiye na pesa apate namna ya kulipa polepole. Asiyejua kusoma aelezwe kwa mdomo.

Labda utasema: «Mimi nina kadi, jambo hili lanihusu nini?» Lakusikitisha ni kwamba ugonjwa haujui kadi. Keshero imekaa juu ya mawe ya volkano. Ukitaka kuchimba choo unakutana na jiwe gumu, na maji ya wengi hutoka ziwani kwa bidoni. Mtu mmoja akipata kipindupindu na choo chake ni kifupi, mtoto wako mwenye kadi atakunywa maji yaleyale. Wazee wa Goma hawajasahau Julai 1994, wakimbizi walipoingia kwa mamia ya maelfu katika siku chache: katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Tena sisi watu wa migodi tuwe wanyenyekevu. Aina mpya ya mpox ilijulikana mwaka 2023 Kamituga, mji wa wachimba dhahabu katika Kivu ya Kusini. Kutoka pale ilifuata barabara na mashua, ikafika Goma, ikavuka mipaka, hata Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hatari kwa dunia nzima, na hatari hiyo ikaondolewa Septemba 2025. Oktoba 2024 chanjo ilianza kutolewa hapa Goma. Ugonjwa uliofuata njia za watu wa migodi haukuuliza nani ni mfanyakazi na nani si mfanyakazi.

FONDASIO NI KITU GANI?

Siku hizi Goma kila ukuta una kibao cha shirika. Watu husema: «Fondasio italeta.» Tujue kwanza ni kitu gani.

Fondasio ni mfuko wa hisani. Mtu au kundi la watu hutoa mali, mali ile inawekwa kando kwa sheria, na kazi yake inaandikwa: kusaidia wagonjwa, shule, utafiti. Mara nyingi mtaji haulwi. Unawekwa katika biashara, na faida yake ndiyo inayogawiwa kila mwaka. Ni kama mtu mwenye ng'ombe anayegawa maziwa bila kuchinja. Henry Wellcome, mtengenezaji wa dawa wa Uingereza, alipokufa mwaka 1936 aliacha kampani yake kwa mfuko wa namna hiyo, na hadi leo mfuko wa Wellcome unalipa utafiti wa magonjwa.

Kwetu Kivu neno hili si geni. Chuo Kikuu cha Louvain cha Ubelgiji kilianzisha Fomulac mwaka 1926, maana yake fondasio ya matibabu ya chuo hicho katika Kongo. Hospitali yake ya Katana, kando ya ziwa upande wa Kivu ya Kusini, hata leo watu wanaiita Fomulac. Iliokoa wengi. Lakini siku zile za ukoloni mwenyeji aliletewa dawa tu, hakuulizwa neno.

Kuna habari nyingine ya zamani inayotuhusu sisi wachimbaji. Mnamo 1880, watu waliochimba njia ya treni chini ya mlima wa Gotthard, huko Uswisi, walianza kukauka damu. Walikuwa weupe kama karatasi, wanahema wakipanda ngazi. Waganga waligundua kwamba ni minyoo ya safura. Shimo lilikuwa lenye joto na unyevu, vyoo havikuwamo, na minyoo ilikuwa ikiingia mwilini kupitia ngozi ya miguu. Miaka 29 baadaye, mwaka 1909, tajiri wa petroli John D. Rockefeller wa Marekani alitoa dola milioni 1 kupigana na minyoo hiyohiyo kusini mwa nchi yake. Watu karibu 700,000 walipata dawa kabla ya kazi kufungwa mwaka 1914. Lakini pale ambapo watu walimeza dawa bila kujenga vyoo, minyoo ilirudi.

Shika jambo hilo, ndugu. Pesa ya tajiri inaweza kununua dawa. Choo kinachimbwa na mwenyeji, na kinachungwa na mwenyeji. Ndiyo sababu mwaka 1978, katika mkutano wa Alma-Ata, mataifa yalikubaliana kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutimiza kazi ya afya yao wenyewe. Nchi yetu ilifuata njia hiyo ilipojigawa katika zone za afya miaka ya 1980, na kila eneo la afya likapewa kamati ya wenyeji, ile tunayoiita CODESA, pamoja na wajitoleaji wa mtaa, wale reko wanaopita nyumba kwa nyumba.

HAPA HAPA GOMA

Usidhani ninaleta mifano ya mbali tu. Mwaka 2000 mpasuaji wa mifupa, Kasereka Jo Lusi, na mke wake Lyn, mzaliwa wa Uingereza, walianzisha hapa Goma kazi ya kufundisha waganga vijana na kutibu watu. Januari 17, 2002, Nyiragongo ilitapika moto, na hospitali yao ikafunikwa na mawe. Ilijengwa upya. Ndiyo hospitali ya HEAL Africa ambayo wengi wenu mmepeleka mtu aliyevunjika.

Hospitali hiyo inapokea msaada wa nje. Mwaka 2011 Lyn Lusi alipewa tuzo ya fondasio ya Opus ya Marekani, dola milioni 1 kwa ajili ya kazi yake. Alikufa Machi 2012. Lakini ninataka mtazame kazi iliyo nje ya ukuta wa hospitali. Vijijini walikusanya wakubwa wa makanisa na wa msikiti katika kamati moja, wakawauliza: hapa kwenu shida ya kwanza ni nini? Tena walisaidia wanawake kujiunga katika vikundi vya uzazi salama. Kila mama anaweka pesa kidogo kidogo, kikundi kinafanya biashara ndogo, na siku ya kujifungua mfuko ule unasaidia kulipa. Pesa ya mbali ilileta mafundisho na mwanzo wa mtaji. Nguvu iliyobeba kazi ilikuwa ya akina mama wenyewe.

Bukavu nako kuna mfano. Hospitali ya Panzi ilifunguliwa mwaka 1999 na mganga Denis Mukwege, yule aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Wanawake waliotendewa maovu ya vita walitibiwa pale, lakini baada ya kupona hawakuwa na pa kwenda. Walipoulizwa wanataka nini, hawakuomba unga wala nguo. Waliomba pahali pa kukaa salama, kujifunza na kurudi kwao wakiwa viongozi. Kutoka neno hilo ikajengwa City of Joy, iliyofunguliwa Februari 2011 kwa msaada wa V-Day, chama cha Marekani cha kutetea wanawake. Aliyeumia ndiye aliyechora plani.

Na hata katika chanjo. Novemba 2019, wakati wa Ebola, chanjo ya pili ilianza kujaribiwa katika mitaa ya Majengo na Kahembe. Nyuma ya kazi hiyo kulikuwa na CEPI, mfuko wa chanjo ulioanzishwa mwaka 2017, na fondasio za Wellcome na Gates ni miongoni mwa waanzilishi wake. Lakini mtu wa Majengo hakunyosha mkono kwa sababu ya CEPI, jina ambalo hakulijua. Alinyosha mkono kwa sababu reko anayemjua alikaa naye, akamweleza, akamjibu maswali.

PESA HUPITA NJIA GANI?

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu wengi hawalielewi, na ambalo linaleta manung'uniko mtaani: «Wametangaza dola nyingi, mbona kwetu haifiki kitu?»

Fondasio haitoi pesa kwa sababu ya kilio. Inatoa kwa makaratasi. Kwanza inaandika ni jambo gani itasaidia: tuseme mama na mtoto. Kisha inapokea maombi. Ombi lazima lionyeshe shida, kazi itakayofanywa, watu watakaofaidika, bei ya kila kitu na muda. Lazima liwe la chama chenye kibali cha serikali, chenye akaunti benki na vitabu vya hesabu vilivyokaguliwa. Mara nyingi linaandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Pesa inakuja kwa mafungu, mwaka mmoja, miwili au mitatu, na kila fungu hungojea ripoti ya lile lililotangulia.

Wanawake 25 wenye kisanduku watatoa wapi mambo hayo yote? Kwa hiyo pesa inapitia kwa shirika kubwa, shirika kubwa linaikabidhi kwa shirika la kati, nalo linaleta mtaani. Kila mlango una ofisi, motokari, mlinzi na petroli. Si lazima awepo mwizi. Maji ya bidoni iliyopita mikono mitatu kutoka ziwani hayafiki yamejaa, hata wote wakiwa waaminifu.

Fondasio nyingine zimeona kosa hilo. Kenya ilianzishwa mwaka 1997 fondasio ya maendeleo ya jamii, KCDF, kwa msaada wa fondasio za Ford na Aga Khan, kusudi wenyeji wenyewe wakusanye na kugawa. Kinshasa kuna Mfuko wa Wanawake Wakongomani, unaotoa misaada midogo kwa vikundi vya wanawake. Hizo ni milango ya karibu zaidi. Ni vizuri kuijua.

KOSA LANGU MWENYEWE

Baada ya yule mama kutoka maternite, niliwaambia wanawake wa likirimba: «Mimi ninajua kuandika. Nitawaombea msaada.» Walifurahi. Nilikaa usiku mbili, nikaandika kurasa sita kwa Kifaransa kizuri cha shule ya uuguzi. Niliomba kabati la dawa, mashine ya kupima presha, na kitanda cha kuchunguzia wagonjwa.

Jumapili nikaenda kuwasomea, nikiwatafsiria. Walisikiliza kimya. Kisha mama mzee, ambaye huchunga ufunguo wa kisanduku, akacheka polepole.

«Munganga,» akasema, «tunakushukuru. Lakini haya ni mambo ya kazi yako. Dawa ziko dukani. Sisi tunakosa vitu viwili: namna ya kumfikisha mama maternite usiku, na pesa ya kumtoa.»

Nilinyamaza. Miaka yote ninapita mtaani na begi langu, na sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nimewagawia viatu vya namba 42.

Tukaanza upya. Wao walisema, mimi niliandika. Walijua motari gani wanaaminika usiku na bei yao. Walijua ni mama wangapi katika avenue zao wana mimba. Walijua nani hulipa deni na nani hukimbia. Ombi la pili lilikuwa kurasa mbili tu: mfuko wa usafiri wa usiku, na mfuko wa mkopo wa kujifungua, ambao mama anaurudisha katika miezi 10. Na waliandika kwamba kila franka itakayotoka nje, wao wataweka yao pembeni.

Tukapeleka kwa mfadhili mmoja. Jibu lilikuja: kazi ni nzuri, lakini tuonyeshe kibali na akaunti benki. Hiyo ilikuwa mwaka 2025. Mwisho wa Januari mwaka ule vita viliingia mjini, na benki za Goma zikafunga milango. Tungefungua akaunti wapi? Mama mzee akasema: «Basi hata benki hazina kadi.»

MFADHILI NAYE HUCHOKA

Jambo hili linatufundisha tusitegee mgongo wetu wote kwa mtu wa mbali. Mwaka huohuo wa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake tangu Januari, na shirika lake la USAID likafungwa Julai. Vituo vingi vya nchi yetu vilivyozoea dawa zile vilijikuta bila kitu. Gates, mwenye fondasio kubwa kuliko nyingi, alitangaza Mei 2025 kwamba atatoa dola bilioni 200 na kisha kufunga mlango mwaka 2045. Mlango wa hisani hufunguliwa na mwenyewe, na hufungwa na mwenyewe.

Lakini kazi yenye mzizi wa wenyeji haianguki upesi. Wazee wa Ubangi watawaeleza juu ya Bwamanda. Mwaka 1986, wakati wa Zaire, hospitali ya kule pamoja na wenyeji walianzisha bima: kila familia inalipa mara moja kwa mwaka, katika majira ambapo wakulima wameuza mavuno na pesa iko mkononi, na akilazwa mtu sehemu kubwa ya gharama inalipwa na mfuko. Watu walisaidiwa na wageni katika kupanga, ndiyo. Ila pesa ya kila mwaka ilitoka shambani kwao, na bima ile iliendelea katika miaka mibaya ambapo zaire ilikuwa inayeyuka kama sabuni.

SADAKA NI SADAKA, HAKI NI HAKI

Kuna jambo moja ambalo mtu wa mgodi lazima alijue vizuri. Fondasio ya mtu wa mbali inatoa kwa moyo wake, hatuwezi kumlazimisha. Lakini kuna pesa ambayo si sadaka. Sheria ya migodi iliyorekebishwa Machi 2018 inasema kwamba kampani ya migodi yenye kibali cha kuchimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaozunguka mgodi, na kwamba wenyeji wawe na wawakilishi katika kusimamia fungu hilo. Tena kuna mapatano ya maandishi, tunayoyaita cahier des charges, yanayosema nini kitajengwa na lini.

Katika mkoa wetu, Walikale, kando ya mgodi wa bati wa Bisie wa Alphamin, kuna fondasio ya namna hiyo, Alliance Lowa, inayopokea pesa kutoka mgodini kwa kazi ambazo vijiji vinachagua. Ninaitaja ili mjue kwamba fondasio si lazima itoke ng'ambo. Inaweza kutoka katika jiwe ambalo wewe mwenyewe umelivunja.

Hivyo mkutano wa wenyeji ukiitwa, usiseme: «Hayo ni ya wakubwa.» Nenda. Uliza kwa heshima: fungu la mwaka huu ni kiasi gani, limefanya nini, nani aliweka sahihi? Mtu akiuliza vizuri hatukani mtu.

TUFANYE NINI?

Ninajua mnapenda ukurasa huu ukiishia na mambo ya kutenda. Haya basi, kateni mbandike ukutani.

1. Jiunge na kikundi kidogo cha kusaidiana, hata ukiwa na kadi. Kadi huisha siku mkataba unapoisha. Kikundi hakiangalii mkataba.

2. Kisanduku kiwe na kufuli tatu na wachunga ufunguo watatu, kila mmoja wa nyumba mbalimbali. Pesa ihesabiwe mbele ya wote, kwa sauti.

3. Andika. Daftari la shule latosha: tarehe, jina, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Daftari safi la miaka miwili lina nguvu mbele ya mfadhili kuliko hotuba.

4. Kabla ya kuomba, ulizeni wenye shida. Mjane, mama wa chukudu, mzee asiyeona, mtu aliyekimbia vita. Msimwache mganga aandike peke yake. Mimi nimewaambia yaliyonipata.

5. Ombeni kile ambacho mtaweza kukichunga mfadhili akiondoka. Motokari bila petroli ni nyumba ya kuku.

6. Pitieni kwa CODESA na kituo cha afya cha mtaa. Msijenge kitu kando. Vituo viwili vyenye njaa ni vibaya kuliko kimoja chenye chakula.

7. Mtu akija kuwaomba pesa «ya kufungulia faili» ili mpate msaada wa fondasio, mfukuzeni. Fondasio ya kweli haiuzi makaratasi yake.

8. Kila mwezi someni hesabu mbele ya mtaa. Kisomwacho mbele ya watu hakiliwi upesi.

Na kwa kuwa ni ukurasa wa afya, ninaongeza neno juu ya kipindupindu, maana msimu hauulizi. Kwenye sehemu za kuchota ziwani ambapo wajitoleaji wanatia dawa ya klori, subiri apime kwa bomba la sindano, kisha ngoja nusu saa kabla ya kunywa. Mtu akiharisha maji, anza kumnywesha mara moja: pakiti ya ORS katika maji safi, na kama haipo, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyo sawa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mnyweshe huku mnakwenda kituoni. Usingoje kuche.

NENO LA MWISHO

Mtaniuliza: ombi la wanawake wale lilifika wapi? Walipokosa benki, walienda kwa CODESA na kituo cha afya, wakakubaliana kwamba kibali cha kituo kitumike, na pesa itakapokuja ipite kwa simu, kwa sahihi tatu. Barua imekwenda tena. Jibu halijafika.

Lakini kisanduku hakikungoja. Wameongeza mchango wa franka 500 kwa ajili ya usiku, na wamepatana na motari wawili wa mtaa, watu wazima, wenye kofia na taa nzima, kwamba wataitika wakiitwa na watalipwa Jumapili. Juma lililopita saa nane ya usiku nilisikia moto ikilia nyuma ya ukuta wangu. Nilichungulia. Alikuwa mama mwingine asiye na kadi, ameshikwa katikati, na mama mzee wa ufunguo amekaa nyuma yake, anamwambia motari: «Polepole, mwanangu, mawe hayo.»

Asubuhi alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na saa kumi ya jioni ya kesho yake alitoka, amelipa.

Fondasio ikija, itakuta kazi imeshaanza, na watajua pa kutia mkono. Isipokuja, mtoto yule amezaliwa. Nawe, ndugu yangu mwenye kadi, Jumapili hii ukiwa nyumbani Keshero, pita pale baada ya ibada. Franka 1,000 haitakuua. Keti, usikilize wanavyohesabu, na usiwafundishe kitu siku ya kwanza.

Kaeni na afya njema. Tutaonana katika ukurasa ujao.

Msaidizi wenu wa mganga, dispensari ya kampani